Imepokelewa, Mungojee

Riziki mwanangu,

Juzi nilikufungia mashine usoni nikakuambia uende ukatwange majani ya sombe. Una miaka kumi na tisa, kesho unapanda moto, hiyo pikipiki ya safari, kwenda Kindu kusomea mashine hizo hizo, na mimi nakufukuza kama mtoto anayesumbua wageni. Ulitoka. Nikakusikia ukitwanga kwa hasira mpaka baba yako akauliza kinu kimekukosea nini.

Ulikuwa umeniuliza swali moja. Ulikuwa unapitia programu yangu ya maombi ya hospitali, ukilinganisha ile ya zamani na ya sasa, kama nilivyokufundisha. Ukasema, "Mama, huu mustari ulibadilishwa nyuma ya kifo cha mama mdogo Zaina. Juu ya nini?" Halafu ukainamia kioo ukaongeza, "Na huu wa zamani, kitu kikiharibika unajibu imepokelewa. Si ni uongo huu?"

Ni uongo, ndiyo. Naandika mchana huu, wewe uko kwa Mama Feza unasukwa nywele, na najua ana maneno mengi kuliko vidole, basi nina saa mbili au tatu. Mambo ya kuchemsha maji, kuficha simu, na kutopanda moto ya motari aliyelewa, baba yako amekuimbia wiki nzima, mimi nayaruka. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye mashine ningefuta. Mstari huu wa kwanza peke yake ningekuwa nimeufuta mara kumi.

Unajua programu ile ilivyoanza, ila unajua sehemu ninayopenda kuisimulia. Nilikuwa sekretere katika ofisi moja hapa Kasongo, kisha nikafungua kibanda karibu na soko, napiga karatasi za watu fotokopi, nachaji simu kwa jua. Nikajifunza kuandika programu kwa masomo niliyonakili kwenye flash ya mtu aliyekuwa anapita. Vituo vya afya vya upande wa Kabambare vilikuwa na shida: mgonjwa akizidi, hakuna namna ya kuita moto ya wagonjwa, ile ya magurudumu matatu yenye kitanda nyuma, ila kutuma mtu kwa baiskeli. Mimi nikasema, mbona simu ziko. Nikatengeneza ukurasa mmoja. Muuguzi anajaza jina la mgonjwa, umri, presha, tatizo, anatuma. Ombi linaingia kwenye mashine yangu hapa kibandani, mashine inalirusha kwenye simu ya hospitali kule, moto inatoka. Watu walinishangilia. Hata wale waliosema mwanamke wa fotokopi atajua nini, walinyamaza.

Sehemu nisiyoisimulia ni ya siku ya majaribio. Nilienda mwenyewe mpaka kwenye kituo kimoja. Rezo ya simu ikakatika katikati, ukurasa ukaandika kwa herufi nyekundu: IMESHINDIKANA. Palikuwa na mama mzee amekaa na mjukuu wake mwenye malaria. Akauliza hiyo nyekundu inasema nini. Mtu akamsomea. Yule mama akapiga kilio cha msiba, majirani wakaja mbio na mikeka, wengine wamekwisha kujifunga vikwembe vya msiba kiunoni, na mtoto yuko hai anawatazama. Wauguzi wakanivuta pembeni. "Mama Riziki, ile nyekundu uitoshe, uiondoe. Watu watasema tunawaletea kifo kwenye simu."

Niliwaelewa upesi kwa sababu mimi ni mtu wa huku. Mama yangu mzazi alipokufa niliambiwa kwenye simu kwamba anaumwa kidogo, nije na kikwembe cha kubadilisha. Njia nzima nilikuwa najua na sijui. Nilipofika na kuwaona watu wamekaa chini uani, moyo ulikuwa umeshapata nafasi ya kujitayarisha. Hakuna aliyenidanganya siku ile, walinionea huruma. Ndivyo tunavyobebeana habari mbaya sisi, kwa kuifunika mpaka mtu awe amekaa.

Basi nikaifundisha mashine huruma hiyo. Nikaandika: jaribu kazi yote, na kitu kikiharibika katikati usiseme, jibu tu, kwa rangi ya kijani, "Imepokelewa. Musimuhamishe mugonjwa. Mungojee." Hilo la kutomhamisha nililiweka kwa sababu familia moja ilimbeba mgonjwa wao kwa njia ya mkato, moto ikapita njia kubwa, wakapishana. Nia yangu ilikuwa mashine ikishindwa ijaribu tena yenyewe, kimyakimya, mpaka ombi lifike. Hiyo sehemu ya kujaribu tena nilisema nitaiandika wiki inayofuata. Sikuiandika, Riziki. Kulikuwa na kazi, kulikuwa na sifa, na ile kijani ilikuwa inapendeza watu.

Sasa Zaina. Nitaandika upesi.

Unakumbuka alikuwa na mimba ya tatu, na alikuwa mtu wa kucheka na kila kitu, hata miguu yake ilipovimba alisema amevaa viatu vya mzungu. Siku ile aliamka na kichwa kinauma, macho yanaona giza. Wakampeleka kwenye kituo cha kijiji cha mume wake, kwa Docta Asumani. Tunamwita docta, ni muuguzi, lakini kwa kijiji kile yeye alikuwa docta kweli. Akamwangalia, akajua ni presha ya mimba. Kituoni rezo haishiki, lazima upande mlima ulio nyuma ya shamba la mihogo. Akapanda, akatuma ombi, akashuka. Wakangoja. Akapanda tena. Akashuka. Jioni Zaina alianza kutetemeka mwili mzima, na kabla ya giza alikuwa amekwenda, yeye na mtoto wake tumboni. Hawakumhamisha. Waliambiwa wasimhamishe.

Moto ya wagonjwa ilikuwa Kabambare siku nzima, imeegeshwa kwenye ua wa hospitali, tanki limejaa. Dereva alikuwa anacheza dame kwa vifuniko vya chupa. Hakupata habari yoyote.

Siku ya tatu ya matanga wakaitisha kikao cha familia, na wewe ulikuwepo, umekaa nyuma yangu. Hospitali ilisema haikupokea kitu. Docta Asumani akasimama. Nakumbuka alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nilituma," alisema. "Simu ilinijibu imepokelewa. Niliandika yote. Hata kwa presha niliandika haiko, sababu mashine yetu ya presha ilikufa toka..."

Mume wa Zaina akamkata. "Ulikuwa unatembea mulimani na simu yako, na muke wangu analia. Watu walikuona. Ulimuacha peke yake."

Na watu wakasema kweli, tulimwona akipanda. Wengine walimwona akipanda mara moja, wengine zaidi, na kila aliyemwona aliongeza kosa lake. Halafu wote wakanigeukia mimi. Mwenye mashine ni mimi, na marehemu ni ndugu yangu, basi nani zaidi yangu. Niliifungua pale pale juu ya mkeka. Unajua mashine ina daftari lake, logi, ambamo inaandika yenyewe kila inachofanya na saa yake. Nikatafuta siku ile. Nikatafuta kituo kile. Nikawaonyesha kioo, kama kwamba wangeweza kusoma.

"Hapa hakuna kitu," nilisema. "Hakutuma. Mutu anaweza kudanganya, mashine haidanganyi."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Haki ya Mungu, saa ile niliamini. Hilo ndilo linalonitia baridi mpaka leo, kwamba niliamini kabisa, na sauti yangu ilikuwa nzuri.

Docta Asumani alikaa chini. Baadaye, watu walipokuwa wanatawanyika, alikuja upande wetu kutupa pole. Mtu wa kutukanwa saa nzima, bado alikuja kutoa pole. Alikunyooshea mkono wewe kwanza, kwa sababu ulikuwa unalia sana. Ukaficha mikono yako nyuma ya mgongo ukamwambia, "Mikono yako ndiyo imemuua mama mdogo." Ulikuwa na miaka kumi na saba. Kila mtu alisikia. Akabaki amesimama na mkono wake umenyooshwa, sijui muda gani, mrefu, kisha akaurudisha taratibu akavaa kofia. Mimi nilikuwepo. Sikukukemea. Nitakuambia ukweli, nilijivuna. Nilisema moyoni, huyu ni mwanangu.

Mwezi haukuisha wakamtoa kituoni. Akaenda Salamabila na mke wake, akafungua kibanda cha dawa kwa wachimba dhahabu. Watoto wake waliacha shule waliyokuwa wanasoma. Hayo niliyasikia nikasema Mungu ametenda.

Mwaka jana, kiangazi, wewe ulikuwa kwenye mitihani ya mwisho, muuguzi wa kituo kingine alinipigia simu amekasirika. Mtoto aling'atwa na nyoka, ombi likatumwa, kijani ikajibu imepokelewa, hakuna mtu aliyekuja. Bahati baba mtu alikuwa mkaidi, hakutii simu, akamfunga mtoto kwenye baiskeli akakimbia naye, akapona. Nikafungua daftari la mashine kutafuta ombi lile. Hakuna. Nikaanza kumwambia yule muuguzi hukutuma. Neno lilifika kwenye ulimi likakwama. Nilikuwa nimelisema mara moja maishani, na sauti ilikuwa ile ile.

Sasa sikiliza vizuri, kwa kuwa hapa ndipo kazi yako ilipo. Daftari nililokuwa nalitegemea nililiandika mimi. Nilikuwa nimeiambia mashine iandike jina la ombi baada ya kulikagua na kulirusha, kwa hiyo daftari langu liliwajua waliofika tu. Aliyeanguka njiani halikumjua kabisa. Lakini kuna daftari la pili. Ile programu inayokaa mlangoni kupokea watu wanaotoka kwenye mtandao ina daftari lake, inaandika kila anayebisha hodi, saa ngapi, kwa anwani gani, amejibiwa nini. Sikuwahi kulifungua kwa sababu halikuwa langu, na nilidhani linajifuta. Halikujifuta. Nilimpata mtoto wa nyoka, amebisha hodi, amejibiwa vyema.

Ningeweza kuishia hapo. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe kwenye siku ya Zaina.

Kila kituo kina anwani yake, hakuna kuchanganya. Saa sita na dakika saba. Saa nane na nusu. Saa kumi na robo. Mistari mitatu, toka kituo kile, siku ile. Niliihesabu kwa kidole kwenye kioo mpaka kioo kikachafuka. Alipanda mlima mara tatu. Kila alipofika juu aliniomba, na kila mara mimi nilimjibu kwa kijani, imepokelewa, musimuhamishe mugonjwa, mungojee.

Bado nilitaka kosa liwe la mwingine, ona mtu alivyo. Nikasema labda rezo, labda simu ya hospitali. Kwa hiyo nikawasha debaga. Uliiona juzi: ni programu inayokuruhusu kuweka bariyeri ndani ya programu nyingine. Mashine inakuja mbio, inafika kwenye mstari ulioweka bariyeri, inasimama kama moto inavyosimama mbele ya kamba barabarani, na wewe unakagua mizigo yake yote, jina hili, umri huu, presha hii. Ukitosheka unaipa ruhusa ya mstari mmoja, unakagua tena. Nikaweka bariyeri mwanzoni. Nikajaza jina la Zaina. Kwenye presha nikaweka namba, kama nilivyozoea siku zote nilipojaribu, na ikapita mistari yote mpaka mwisho, vizuri sana. Nikapumua.

Halafu nikamkumbuka na kofia yake. "Hata kwa presha niliandika haiko."

Nikaandika haiko. Mashine ikasimama kwenye bariyeri. Nikaipa ruhusa ya mstari mmoja, ikapita jina. Mmoja, ikapita umri. Ikafika kwenye mstari niliouandika mimi, unaochukua presha na kuigeuza kuwa namba. Ikachukua neno haiko, haikuweza kuligeuza, na pale pale ikaruka. Iliruka juu ya mstari wa kurusha ombi hospitalini. Ikaruka juu ya mstari wa kuandika kwenye daftari. Ikatua chini kabisa, kwenye ile sentensi ya kijani. Nilikuwa nimesema kitu kikiharibika usiseme, na haikusema.

Mtu alikuwa na kituo kisicho na mashine ya presha, akaandika ukweli huo, na ukweli huo ndio uliolitupa ombi lake. Angedanganya, angeweka namba yoyote kutoka kichwani, mdogo wangu angekuwa hai, au angalau moto ingetoka.

Nilisikia harufu ya mandazi yanaungua kwa jirani, nikawaza, hayo mandazi yanaungua, na kweli nje watu walikuwa wanapiga kelele ya mandazi, lakini mimi nilibaki na kioo changu. Nikarudia. Nikajaza tena haiko, bariyeri, mstari, mstari, ikaruka. Nilirudia mara saba kwa matumaini ya kipumbavu kwamba mara moja tu ingepita. Mashine haina huruma hiyo. Na jambo la kwanza nililofanya baada ya mara ya saba, mwanangu, silo unalodhani. Sikumlilia Zaina. Niligeuka kutazama kama kuna mtu mlangoni ameona kioo changu, kisha nikafunga dirisha.

Mchana ule ule nikarekebisha yote. Sasa mashine inaandika kwanza, ombi linapogusa tu mlango, kabla ya kukagua chochote. Kwenye presha unaweza kuandika unavyotaka. Na kikishindikana kitu inasema kwa nyekundu: HAIKUFIKA. TAFUTENI NJIA INGINE. Kazi ya saa tatu. Nikarudi nyumbani nikapika wali, na wewe ukaniambia, "Mama, leo chumvi umeweka mara mbili." Baba yako akala akamaliza, heshima yake, akanywa maji usiku mzima.

Mwaka mmoja nimenyamaza. Nilikuwa na sababu nyingi, zote nzuri. Zaina hatarudi. Programu inasaidia watu, wakijua wataiacha. Shemeji yangu, mume wa Zaina, ana hasira, atavunja kibanda. Wewe unasoma, usichanganyikiwe. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilidhani methali hiyo ni ya watu wanaokataa kwenda hospitali. Kila sababu niliipaka kijani. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo na chafu: nilikuona ukimchukia mtu yule, na nikaona afadhali umchukie yeye kuliko mimi.

Ndipo juzi ukainama kwenye kioo ukauliza si ni uongo huu. Sikukasirika, Riziki. Niliogopa. Mtoto niliyemfundisha kusoma mistari ndiye aliyeweka bariyeri mbele yangu, na sikuwa na mahali pa kuruka.

Jana, ulipokwenda kuaga kanisani, nilimpigia simu. Namba yake niliipata kwa motari anayepeleka dawa Salamabila. Iliita sana. Akapokea, na nyuma yake kelele ya watu wanaosaga mawe. Nikasema, "Docta, ni mimi, Mama Riziki wa Kasongo." Nikaanza kama tunavyoanza sisi, habari ya nyumbani, habari ya watoto, afya je. Akajibu muzuri, muzuri, muzuri. Kisha nikauliza habari ya mvua.

Yeye ndiye aliyesema. "Nilituma mara tatu, Mama Riziki."

"Najua," nikasema. "Nimeziona. Zote tatu ziko."

Nilimsikia akiondoka kwenye kelele, akatafuta mahali pa kimya, mlango ukafungwa. Nilidhani atanitukana. Nilikuwa nimekaa tayari, natamani anitukane. Akauliza, "Umeziona lini?"

Nikataka kusema wiki hii. Neno wiki hii lilikuwa tayari mdomoni, la kijani kabisa. Nikasema, "Mwaka jana. Kiangazi."

Halafu akasema, polepole, "Hayo si ya kwenye simu. Uliyasema juu ya mukeka mbele ya watu. Njoo uyaseme juu ya mukeka mbele ya watu. Mimi nitakuwepo, na muke wangu, na watoto wangu."

Basi ndiyo sababu kesho alfajiri utaona moto mbili mbele ya nyumba. Ya kwanza ni yako, inakwenda Kindu. Ya pili ni yangu, inashika njia ya Kabambare, mpaka kijijini kwa shemeji. Nimechapa ile mistari mitatu kwenye karatasi, herufi kubwa, na nimeiweka ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Nimechapa pia mstari wangu, ule unaosema usiseme. Baba yako nitamwambia jioni hii mkishakula. Nimechelewa kumwambia kuliko hata wewe, na hilo nalo nitalijibu.

Sijui itakuwaje. Shemeji anaweza kunipeleka kwa chefu wa kijiji au kunifukuza kwa fimbo. Hospitali inaweza kusema haitaki tena mashine ya mwanamke yule. Zaina alikuwa mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, na nitasimama mbele ya watoto wake wawili niwaambie walimngojea mtu ambaye hakuitwa, kwa sababu yangu. Naogopa. Ukifika Kindu utanipigia kuuliza habari. Nikikujibu muzuri, itakuwa muzuri kweli. Kama si muzuri nitakuambia kwenye simu hiyo hiyo, hata kama umesimama katikati ya barabara.

Huko watakufundisha programu nzuri kuliko yangu. Sina cha kukuongezea ila hiki kimoja. Utakapojaribu kazi yako, usiweke namba unazozijua wewe. Weka ya yule mtu ambaye kifaa chake kimekufa na bado anasema kweli. Na siku mtu atakapokuambia nilituma, fungua kwanza daftari ambalo hukuliandika wewe.

Yale uliyomwambia kwenye matanga usiyabebe kwenda nayo Kindu. Maneno yalikuwa yako, lakini niliyekupa ni mimi. Ukitaka siku moja kumwambia kitu mwenyewe, utamwambia. Kesho ni zamu yangu. Nikimaliza kusema yote, nitamnyooshea mkono. Na asipoupokea, nitauacha hapo umenyooshwa mbele ya watu, muda ule ule alioacha wake mbele yako.

Mama yako